Mayo Watalitwaa Lini? Mabishano ya Mpira Katika Nchi ya Ayalandi

Mwezi wa Julai 2025, wiki mbili hivi kabla ya mwisho wake, nilikwenda nyumbani kwa mapadre kuchukua vitabu vya wakatekumeni. Nilipofika barazani nikasikia ndani sauti za watu wanaobishana kwa nguvu, hata mmoja akapiga meza kwa kiganja. Nikasita. Nikafikiri labda kuna msiba, au fedha za paa la kanisa zimepotea. Mwisho nikapiga hodi.

“Karibu, Mwalimu, karibu ndani,” akaitikia padre aliye mdogo wao. “Usiogope, hakuna ugomvi hapa. Tunazungumza mpira tu.”

Niliwakuta watu watatu, wote wazaliwa wa Ayalandi, wote wamekaa Afrika miaka mingi kuliko waliyokaa kwao. Padre mmoja, mzee wa miaka themanini, ni mtu wa Mayo. Wa pili ni mtu wa Kerry. Wa tatu ni Sista muuguzi, mtu wa Donegal, ambaye alikuja kuleta dawa akasahau kuondoka. Majina yao sitayataja, kwa kuwa hawakuniomba niwatangaze. Nitawaita kwa majina ya kwao, kama wenyewe wanavyoitana wanapotaniana. Nikaketi, na vitabu vya wakatekumeni vikangoja mpaka jioni.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana si mpira huu tuuchezao sisi. Timu ina watu 15. Mpira ni wa mviringo, hudakwa kwa mikono, hupigwa teke, au husukumwa kwa ngumi au kiganja kumpa mwenzio. Kuutupa tu ni makosa. Mchezaji hawezi kukimbia nao zaidi ya hatua nne bila kuudundisha chini au kuugusisha kwenye kidole cha mguu ukamrudia mkononi. Goli lina wavu kama letu, walakini nguzo zake zimepanda juu sana kupita mtambaa panya. Mpira ukiingia wavuni ni goli, nalo lahesabiwa pointi 3. Ukipita juu ya mtambaa panya kati ya nguzo ni pointi 1. Tangu mwaka 2025 wameongeza sheria nyingine: uwanjani umechorwa upinde wa meta 40 kutoka golini, na mtu apigaye teke akiwa nje ya upinde huo, mpira ukapita juu, hupata pointi 2. Kwa hiyo matokeo huandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza kisha pointi, na asiyezoea huchukua muda kujua nani ameshinda.

Chama kinachosimamia mchezo huu kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884, katika hoteli moja ya mji wa Thurles, wilaya ya Tipperary. Askofu Mkuu Croke wa Cashel alikuwa mlezi wake wa kwanza, na uwanja mkuu ulioko Dublin unaitwa kwa jina lake, Croke Park. Unachukua watu zaidi ya 82,000. Hata kombe lenyewe lina jina la mtu: Sam Maguire, mzaliwa wa wilaya ya Cork, aliyefanya kazi ya posta London, akafa mwaka 1927. Huyu alikuwa Mprotestanti. Nilipomwuliza Padre wa Kerry kama jambo hilo liliwatatiza watu wa kwao, walio Wakatoliki wengi, alicheka akasema kwamba kombe likiwa Kerry hakuna aliyewahi kuuliza.

Sasa jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote. Nchi ile ina wilaya 32, nao huziita kaunti, kama wafanyavyo Kenya tangu mwaka 2013. Sita kati ya hizo ziko chini ya Uingereza, ila katika mpira mpaka huo hauhesabiwi, wote hushindania kombe moja. Kila parokia ina timu yake, na wachezaji bora wa parokia ndio huitwa kuichezea wilaya. Hawalipwi mshahara. Anayemkaba mpinzani Jumapili mbele ya watu elfu themanini, Jumatatu yuko darasani anafundisha watoto, au yuko benki, au anakama ng'ombe. Tena wilaya haiwezi kwenda sokoni kununua wachezaji wa wilaya nyingine, kama zifanyavyo timu kubwa za Ulaya. Wenye bahati wana vijana wengi. Wasio na bahati hucheza na hao hao waliojaliwa. Wilaya ya Leitrim ina watu wachache kuliko zote 32, nayo tangu mashindano yaanze imepata ubingwa wa jimbo lake la Connacht mara mbili tu, mwaka 1927 na mwaka 1994. Lakini Mleitrim hawezi kusema, “Nimechoka, sasa mimi ni mtu wa Dublin.” Angechekwa hata kaburini.

Ndiyo sababu mabishano yao ni makali. Hawabishani juu ya timu waliyoichagua kwa rangi ya fulana. Wanabishana juu ya mama zao.

Basi tarehe zile nusu fainali zilikuwa zimekwisha, na walioingia fainali walikuwa Kerry na Donegal. Nikamwuliza Padre wa Kerry, kwa adabu, kama watu wake watashinda.

Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. “Aa, Mwalimu, sisi hatuna kitu mwaka huu. Vijana wetu wamechoka. Donegal wana mbio sana. Tukifungwa pointi tano tu nitamshukuru Mungu.”

Sista akaruka kitini. “Msikilize huyo! Wana vikombe 38, na bado analia kama yatima!”

Kumbe hiyo ndiyo desturi ya watu wa Kerry, inayojulikana nchi nzima. Wao ndio waliotwaa kombe mara nyingi kuliko wote, na Dublin wanaowafuata walikuwa na 31. Walakini mtu wa Kerry hasemi kamwe kwamba atashinda. Humsifu mpinzani, humpamba, humwekea mzigo wa sifa kichwani mpaka shingo imuume, kisha siku ya mchezo humpiga. Padre mwenyewe alinieleza chanzo chake kwa namna yake. Kerry walishinda miaka minne mfululizo, 1978 hadi 1981. Mwaka 1982 walikuwa wanatafuta wa tano, jambo ambalo hakuna wilaya iliyokuwa imelipata. Watu walikwisha tunga wimbo wa ushindi, na fulana zimekwisha chapwa. Dakika za mwisho Kerry walikuwa mbele. Ndipo Seamus Darby wa Offaly, aliyeingia uwanjani kama mchezaji wa akiba, akapokea mpira wa juu, akageuka, akaupiga wavuni. Offaly goli 1 na pointi 15, Kerry pointi 17 bila goli. Jumlisha mwenyewe: 18 kwa 17. “Tangu siku ile,” akasema Padre, “mtu wa Kerry akikuambia tutashinda, mpime homa.” Ule wa tano mfululizo ulikuja kupatwa na Dublin mwaka 2019, nao wakaongeza wa sita mwaka 2020, lakini habari hiyo Padre wa Kerry aliipitia upesi, nami nitamfuata.

Sista hakuwa mtu wa unyenyekevu wa namna hiyo. Yeye alikuja na hesabu. “Mwezi wa Juni Meath waliwapiga Kerry goli 1 na pointi 22 kwa pointi 16. Hiyo ni tofauti ya 9. Katika nusu fainali sisi Donegal tumewapiga hao hao Meath magoli 3 na pointi 26 kwa pointi 15. Hiyo ni tofauti ya 20. Basi Donegal ni bora kuliko Kerry kwa pointi 29. Ukitaka kubishana, bishana na hesabu, si na mimi.”

Hapo Padre wa Mayo, aliyekuwa kimya muda wote akijaza tumbaku katika kiko chake, akaomba kalamu. Akaandika nyuma ya bahasha. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma matangazo ya ndoa. “Mwezi huo huo wa Juni Donegal walitupiga sisi Mayo pointi 19 kwa goli 1 na pointi 15. Yaani pointi 1. Tena ilikuwa teke la mwisho la mchezo. Sasa, ikiwa Donegal wanawazidi Kerry kwa 29, na sisi tunazidiwa na Donegal kwa 1, basi Mayo tunawazidi Kerry kwa 28. Mwalimu, wewe ni shahidi.”

“Na Cavan?” akauliza Sista. “Waliokuja kuwapiga kwenu, Castlebar, mbele ya watu wenu?”

Akanyamaza. Na Padre wa Kerry, kwa sauti ya upole kabisa, akatazama dari akasema, “Cavan nao sisi tuliwatoa.”

Bahasha ikakunjwa.

Nimesikia hesabu kama hizo katika vijiwe vyetu pia, kwamba fulani kampiga fulani aliyenipiga mimi, basi mimi namzidi yule. Nadhani kila penye mpira pana mtu mwenye bahasha. Ubaya wake ni kwamba hesabu yenyewe huwa sahihi kila mara, na mchezo huenda njia nyingine.

Lakini nataka niseme zaidi habari za huyu mzee wa Mayo, maana kwake mazungumzo haya si mchezo wa maneno tu.

Mayo ni wilaya kubwa ya magharibi, inayoelekea bahari ya Atlantiki. Huko ndiko uliko mlima wa Mtakatifu Patrisi, uitwao Croagh Patrick, ambao mahujaji huupanda kila Jumapili ya mwisho ya Julai, wengine miguu mitupu juu ya mawe. Kombe la Ayalandi walilitwaa mwaka 1936, kisha 1950, kisha 1951. Tangu hapo hawajalipata. Tusidhani ni wachezaji wabovu. Mtu mbovu hufungwa mapema akaenda zake kulala. Taabu ya Mayo ni kwamba wanafika. Wamefika fainali wakafungwa mwaka 1989, 1996, 1997, 2004, 2006, 2012, 2013, 2016, 2017, 2020 na 2021. Fainali 11. Mara tatu walifungwa na Kerry, mara nne na Dublin.

Mzee alikuwa na miaka sita mwaka 1951. Anakumbuka baba yake akimweka mabegani usiku, na moto mkubwa ukiwaka njia panda, na watu wakubwa wakilia, jambo ambalo lilimwogopesha kwa sababu alidhani watu wazima hulia penye mazishi tu. Hajapata kuona tena. Akaja seminari, akapewa upadre, akatumwa Afrika. Miaka mingi fainali ilikuwa ikichezwa mwezi wa Septemba, naye likizo zake za kwenda nyumbani alizipanga ziangukie Septemba. Mkubwa wake wa zamani alidhani ni kwa ajili ya kumsaidia ndugu yake mavuno, wala yeye hakumsahihisha.

Mwaka 1996 alikuwapo uwanjani kwa macho yake. Mayo walikuwa mbele ya Meath. Zikabaki dakika chache mno, na tofauti imeshuka mpaka pointi moja. Mlinzi wa Meath, Colm Coyle, akaupiga mpira mrefu kutoka mbali, si kwa kulenga sana. Ukaanguka mbele ya goli, katikati ya watu, hakuna aliyeugusa. Ukadunda. Ukapita juu ya mtambaa panya. Sare. “Nimebatiza watoto maelfu,” aliniambia mzee, “majina yao siyakumbuki. Ule mdundo naukumbuka.” Katika mchezo wa marudio, Meath walishinda kwa pointi moja.

Mwaka 2013 Dublin waliwafunga kwa pointi moja. Mwaka 2016 Mayo walijifunga wenyewe magoli mawili, na bado wakapata sare. Katika marudio wakafungwa kwa pointi moja. Mwaka 2017, pointi moja tena: Dean Rock wa Dublin alipiga mpira wa adhabu wakati muda umekwisha kuisha, na mchezaji mmoja wa Mayo, kwa kukata tamaa, akamrushia kile kifaa kidogo wanachokivaa mgongoni cha kupimia mbio, ili ashtuke akose. Hakukosa. Sista aliposimulia habari hiyo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mzee hakucheka, walakini aliongeza kwa haki kwamba kitendo kile kilikuwa kosa, na kwamba yeye mwenyewe asingekuwa na shabaha nzuri hivyo.

Hapa nalazimika kutaja neno moja linalosemwa sana, maana wasomaji wengine huenda wamelisikia. Husemwa kwamba Mayo wamelaaniwa. Hadithi yenyewe ni hii: mwaka 1951 mabingwa walipokuwa wakirudi nyumbani juu ya lori, walipita mji wa Foxford na kukuta mazishi. Hawakushuka wala hawakunyamaza, kwa furaha yao. Padre aliyekuwa akizika akakasirika, akatamka kwamba Mayo hawatalitwaa kombe tena maadamu yuko hai hata mmoja wa timu ile. Nikamwuliza mzee waziwazi, kwa sababu mimi nafundisha watu kuacha hofu za namna hiyo, nami sikutaka kuzikuta zimeketi kitini mwa padre.

Akakasirika kidogo. “Mwalimu, padre gani atasimama kaburini na kulaani vijana kwa ajili ya mpira? Na kama yuko, Mungu gani angemtii?” Akanieleza kwamba Paddy Prendergast, aliyecheza katika timu ile ya 1951 na kuishi kuliko wenzake wote wa fainali ile, mwenyewe aliikataa hadithi hiyo. Huyo Prendergast alifariki mwezi wa Septemba 2021, majuma mawili baada ya Mayo kufungwa tena, safari hiyo na Tyrone. Basi tangu siku hiyo hata wanaoamini laana hawana tena mahali pa kuiegemeza. Timu ile yote iko kaburini, na kombe halijaja.

“Afadhali ingekuwako laana,” akasema Padre wa Kerry kwa utani. “Sasa mtasingizia nini?”

Nami nafikiri ndipo lilipo jambo zito la mabishano haya. Laana ni mto laini wa kulalia. Mtu akisema amelaaniwa, hana haja ya kuuliza kwa nini mabeki waliuacha mpira udunde. Mzee amekataa mto huo. Kwa miaka sabini na zaidi amesema kila mwaka kwamba Mayo wana nafasi, akitoa sababu, na kila mwaka sababu zake zimevunjwa mbele yake na watu wanaomcheka. Mwaka 2021, katika nusu fainali, Mayo ndio waliowasimamisha Dublin wale waliotwaa kombe miaka sita mfululizo; waliwapiga baada ya muda wa nyongeza. Usiku ule, Sista aliniambia, mzee alipiga kengele ya kanisa. Yeye mwenyewe anasema ilikuwa saa ya kengele, na kwamba huenda aliivuta kwa nguvu kidogo.

Ikafika Jumapili ya tarehe 27 Julai. Mchezo ulianza kwetu yapata saa kumi na moja na nusu jioni. Zamani walikuwa wakiukodolea masikio kwa redio ya mawimbi mafupi, iliyokuja na kwenda kama upepo. Siku hizi wanaye kijana wa ofisi ya parokia awatengenezeaye simu, akaiegemeza juu ya mtungi wa sukari. Tulikuwa wanne. Sista alikuwa amevaa kitambaa cha njano na kijani. Padre wa Kerry naye alikuwa amefunga kitambaa cha kijani na njano. Nikauliza nitawatofautishaje, wakanijibu wote wawili kwa pamoja, kwa hasira, kwamba rangi hizo hazifanani hata kidogo. Mimi nilitazama sana, sikuona tofauti.

Mzee wa Mayo alikuwa mtu wa kati, walakini mtu wa kati katika mambo haya ana taabu zake. Akatueleza: “Donegal wakishinda, basi sisi tulifungwa kwa pointi moja na bingwa wa nchi, na hilo ni jambo la heshima. Kerry wakishinda, tulifungwa na watu waliofungwa. Kwa hiyo nitawaombea Donegal. Lakini si kwa sauti.” Kisha akatazama nje, akasema taratibu kwamba leo ni Jumapili ya mlima, watu wa kwao asubuhi walikuwa wakipanda Croagh Patrick, na wengi wao sasa wako njiani wanashuka, magoti yanauma, wanasikiliza redio.

Mchezo wenyewe sina mengi ya kueleza. Kerry walitangulia mapema kwa yale mateke ya mbali ya pointi mbili mbili, na David Clifford, ambaye wengi walikuwa wakisema Kerry ni yeye peke yake, alicheza vizuri sana, ila hakuwa peke yake. Donegal walikimbia, wakafukuza, hawakuwapata. Karibu na mwisho Joe O'Connor akapiga goli pekee la siku ile. Kerry goli 1 na pointi 26, Donegal pointi 19. Tofauti 10. Kombe la 39.

Sista alifungua kitambaa chake shingoni, akakikunja vizuri mara nne, akakiweka mkobani. Akasema wagonjwa wanamngoja. Mlangoni akageuka: “Wachovu, enh? Tukifungwa tano utamshukuru Mungu, enh?” Padre wa Kerry akafungua mikono yake kama mtu asiyejua yaliyompata. “Bahati tu, Sista. Upepo ulitusaidia.” Katika simu tuliona bendera hazipepei hata kidogo.

Nikabaki na mzee barazani. Giza lilikuwa limeingia, na watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira wao wa matambara penye mwanga wa taa ya kanisa. Nilidhani atasema habari ya uzee wake, maana wiki ile daktari alikuwa amemkataza safari ndefu, nasi sote tulijua. Hakusema. Aliniuliza kama ile kalenda ya misheni ya mwaka ujao imekwisha chapwa. Nikamjibu bado, mpaka Novemba.

“Ikichapwa, niletee yangu mapema,” akasema. “Ligi huanza Januari. Tuna kijana mmoja wa mbele, Mwalimu, mguu wake wa kushoto ni hatari. Na mabeki wetu, kama wakikubali kukaa nyuma kidogo, mimi naona kabisa, nakuambia kwa moyo wangu wote, kwamba tuna nafasi.”

Akawasha kiko chake, akaanza kunitajia timu nzima, mmoja mmoja, kuanzia golikipa.